Kutoka Hombolo hadi baharini: namna ya kuhakiki kanuni za uvuvi kabla ya kutupa ndoano ufukweni

Kila likizo ya Juni na ya Desemba inapokaribia, maswali yaleyale hunirudia kutoka kwa wakazi wa Dodoma waliojifunza kuvua kwa fimbo kwenye bwawa la Hombolo au Mtera, na ambao sasa wanataka kujaribu bahari. Je, leseni inahitajika kwa mtu mwenye fimbo moja tu? Kibali alichopewa bwawani kinafaa Bagamoyo? Ni kweli kwamba kanuni zimebadilika, na kama zimebadilika, zimeandikwa wapi? Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, maswali haya yameongezeka, kwa sababu mtu anaweza kupanda treni asubuhi na jioni akawa amesimama mchangani na mshipi mkononi. Nimeona ni heri niyajibu mara moja kwa maandishi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayevua kwa burudani na kitoweo, akiwa amesimama ufukweni au kwenye mwamba, kwa fimbo au mshipi wa mkono. Anayekodi boti, anayetega nyavu au anayevua kwa biashara ana masharti mengine ambayo sitayagusa hapa.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Andaa kitambulisho cha Taifa, simu yenye salio la kulipia ada kwa namba ya malipo ya Serikali, daftari dogo na penseli. Pata nakala ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 (Sura ya 279) pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 na marekebisho yake, hasa yale ya mwaka 2020. Tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu na unakokwenda. Ongeza mizani ndogo ya mkononi, utepe wa kupimia, koleo la kutolea ndoano, viatu vya mpira vyenye soli ngumu, na kikapu au mfuko unaoruhusiwa, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Ndoano zako za Hombolo unaweza kuziacha nyumbani. Chumvi huzila kwa siku mbili tu, na utaona kutu ya rangi ya chungwa ikianza kwenye jicho la ndoano, mahali hasa unapofunga fundo.

Hatua za kufuata

1. Andika jina la ufuko na halmashauri yake. Usiandike "Tanga" wala "Mafia". Andika kijiji au mtaa, kisha wilaya. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua majibu ya hatua zote zinazofuata, kwa sababu leseni za wavuvi wadogo hushughulikiwa na halmashauri, na halmashauri huweza kuwa na sheria ndogo zake. Kigombe, kwa mfano, watu wengi huihesabu kuwa Tanga Mjini au Pangani, ilhali iko Wilaya ya Muheza. Ukipiga simu ofisi isiyohusika utapewa jibu sahihi la mahali ambapo huendi.

Ikiwa unakokwenda ni Unguja au Pemba, weka kando nakala zako za Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Uvuvi, Na. 7 ya mwaka 2010, na mamlaka zake, na leseni iliyotolewa Bara haikupi ruhusa ya kuvua Nungwi au Kizimkazi.

2. Hakiki kama ufuko huo umo ndani ya hifadhi. Hapa ndipo wageni wengi kutoka bara wanapoteleza, na ningekuomba utumie muda mrefu zaidi kwenye hatua hii kuliko nyingine yoyote. Tumezoea kuona hifadhi ina geti, bango na askari, lakini hifadhi ya bahari haina ukuta, na mpaka wake huenda ukawa mstari wa ramani unaopita juu ya maji. Sheria inayohusika ni ile ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29 ya mwaka 1994, na chini yake kuna makundi mawili yenye masharti tofauti.

Kundi la kwanza ni maeneo tengefu, ambamo uvuvi hauruhusiwi kabisa, hata kwa ndoano moja. Kwa Dar es Salaam haya ni pamoja na visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Kwa upande wa Pangani kuna kisiwa cha Maziwe. Mtu hulipa kiingilio cha Bongoyo, akapanda boti na fimbo yake mkononi, akiamini kwamba kiingilio ndicho kibali cha kuvua. Kiingilio ni cha kuogelea, kupumzika na kuangalia samaki, basi.

Kundi la pili ni hifadhi za bahari, nazo ni tatu: Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma huko Mtwara, mwaka 2000, na Silikanti ya Tanga, mwaka 2009. Ndani ya hifadhi hizi wanaishi wanavijiji wanaovua kihalali, na kwa hiyo eneo hugawanywa katika kanda: ipo isiyoguswa kabisa, ipo yenye matumizi maalumu na ipo ya matumizi ya jumla. Kumwona mzee wa kijiji akivua mbele yako si ushahidi kwamba nawe unaruhusiwa, kwa maana mwenyeji na mgeni hawapimwi kwa kipimo kimoja. Ukisimama kwenye mchanga wa Msimbati au wa Kigombe, tayari umo hifadhini, hata kama hujaona bango. Uliza ofisi ya hifadhi uko kanda gani na nini kinaruhusiwa kwa mgeni.

(Kuhusu silikanti mwenyewe, samaki yule wa kale anayeipa hifadhi ya Tanga jina lake, usiwe na hofu ya kumnasa kwa bahati mbaya. Huishi kwenye kina kirefu ambacho mshipi wa ufukweni haufiki.)

3. Soma kanuni pamoja na marekebisho yake, kwa mpangilio. Tatizo la wanaoanza ni kusoma karatasi moja tu. Kanuni za marekebisho haziandiki upya kanuni nzima. Huja na maneno kama "kwa kufuta" na "badala yake kuweka", kisha hukuachia kazi ya kuunganisha. Mimi hufanya hivi: nachukua nakala ya Kanuni za mwaka 2009, naiweka kushoto, nachukua marekebisho, naweka kulia, kisha kila penye "kufuta" napiga mstari wa penseli upande wa kushoto na kuandika pembeni namba ya Tangazo la Serikali lililofuta. Kazi hii hula jioni moja. Ukiimaliza, hutahitaji kumuuliza mtu kama kanuni imebadilika, kwa kuwa utaiona ikiwa imebadilika kwa mkono wako mwenyewe.

Sisi wa Dodoma tuna urahisi mmoja. Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko Mji wa Serikali, Mtumba, na Gazeti la Serikali huchapishwa hapahapa jijini. Asiyeridhika na nakala ya kwenye simu anaweza kufika mwenyewe.

Zingatia mambo matatu. Kwanza, muswada si sheria, na hotuba si kanuni. Kinachokufunga ni kilichochapishwa kwa namba na tarehe. Pili, tangu tarehe 1 Julai 2025 linatumika Toleo la Urekebu wa Sheria la mwaka 2023, yaani sheria zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, kwa hiyo ukinukuu kifungu cha Sheria kutoka nakala ya zamani, hakikisha kwanza kwamba namba yake haijahama. Tatu, tazama tangazo linahusu maji gani. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, niliulizwa na zaidi ya mtu mmoja kama bahari nayo imefungwa, na mmoja alikuwa tayari ameahirisha safari ya Bagamoyo. Tangazo lile lilihusu ziwa.

4. Wasiliana na Afisa Uvuvi wa halmashauri husika. Usianze kwa kudhani kwamba fimbo haihitaji leseni, wala usianze kwa kudhani kwamba inahitaji. Eleza jambo lako kwa ukamilifu: "Mimi ni raia, nitavua kwa fimbo nikiwa nimesimama ufukweni mahali fulani, kwa siku mbili, kwa ajili ya burudani na kitoweo, bila chombo wala wavu." Kisha uliza mambo manne: kama leseni inahitajika na ni ya aina gani, ada yake, kama kuna sheria ndogo au eneo lililofungwa kwa sasa, na nani wa kumwona ukifika. Afisa akitaja sharti, mwombe kwa heshima namba ya kanuni, uiandike daftarini pamoja na tarehe ya mazungumzo.

Kosa la kawaida ni kuuliza kwa mkato, "Nataka kuvua, natakiwa kuwa na nini?" Afisa atadhani una ngalawa na wavu, na atakuorodheshea masharti yasiyokuhusu. Mimi mwenyewe niliwahi kuzungushwa siku nzima katika ofisi moja ya pwani kwa sababu ya swali bovu la namna hiyo, na nusu ya lawama ilikuwa yangu.

Kibali cha bwawani hakivuki hadi baharini. Ukiwa nacho, kiache nyumbani pamoja na zile ndoano.

5. Lipa kwa namba ya malipo pekee. Ada yoyote ya Serikali hutolewa namba ya malipo, hulipwa kwa simu au benki, na huwa na stakabadhi. Piga picha ya stakabadhi hiyo na uhifadhi nakala ya karatasi, maana simu huzima na maji ya chumvi hayana huruma. Soma pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye leseni. Usiihesabu mwenyewe kuanzia siku uliyolipa.

6. Jitambulishe kwa wenyeji kabla ya kufungua mkoba. Katika fuko nyingi kuna Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, ambacho kila mtu hukiita BMU. Mtafute mwenyekiti au katibu wake, msalimie kama unavyosalimia mkubwa wako, sema umetoka wapi na umekuja kufanya nini, kisha uonyeshe stakabadhi. Wao ndio wanaojua mambo ambayo hayajaandikwa kwenye nakala yoyote iliyoko Dodoma, kwa mfano mwamba uliofungwa kwa makubaliano ya kijiji ili pweza wakue. Utaratibu huo upo katika baadhi ya vijiji vya Mafia, Kilwa na Zanzibar, na mgeni anayetembea juu ya mwamba wa namna hiyo wakati wa kupwa, hata kama hakuchukua kitu, ataulizwa maswali mazito.

7. Kagua zana zako. Fimbo, mshipi, ndoano na chubwi havina shida. Usibebe bunduki ya mshale ya kuvulia chini ya maji, wala usikubali kumbebea mtu wavu wa kokoro au wa timba kwenye gari lako, kwa kuwa zana hizo ni haramu na kukutwa nazo tu ni kosa. Sumu na baruti sihitaji kuzieleza. Wapo wanaosikia kwamba "nailoni ya uzi mmoja imekatazwa" wakaenda kutupa mshipi wao. Kilichokatazwa ni nyavu za uzi huo, si mshipi wa ndoano.

8. Panga siku kwa maji, si kwa kalenda ya kazi. Bwawa la Mtera hushuka kwa miezi. Bahari hushuka mbele ya macho yako, kisha hupanda, mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani ya Dar es Salaam hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali.

Safari yangu ya kwanza niliifanya siku ya mwezi mpevu bila kujua maana yake. Nilifika ufukweni saa tatu asubuhi, nikaunga fimbo, nikachomeka kipande cha ngisi kwenye ndoano, nikatupa. Baada ya nusu saa chubwi langu lilikuwa limelala juu ya matope, na maji yalikuwa yanaendelea kuondoka. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mkungu aliniacha nihangaike kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, leo bamvua. Kapate chai, urudi saa tisa." Kwa pwani ya Dar es Salaam na Bagamoyo, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne, siku za maji mafu mambo hugeuka. Ni makadirio, jedwali ndilo litakalokupa dakika, lakini ukiyajua hutakosea kupanga treni.

Onyo: usifuate maji yanapopwa ukaishia kwenye fungu la mchanga lililo mbali. Maji yanaporudi hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, na utakapogeuka utakuta njia uliyopita kwa miguu mikavu imekuwa ya kifuani. Kumbuka pia pepo: likizo ya Juni huangukia kwenye kusi, wakati bahari huchafuka, kwa hiyo chagua mahali palipokingwa.

9. Jua mapema ni viumbe gani hupaswi kwenda nao nyumbani. Kasa wa aina zote, mayai yake, nguva na pomboo ni viumbe vinavyolindwa, na papa potwe vilevile. Kasa akinasa, usimwinue kwa mshipi. Mlegezee, msogeze taratibu, kata mshipi karibu na ndoano iwezekanavyo kama haitoki, umwachie, na umwarifu mtu wa BMU. Jongoo bahari usiwaokote, hata kama wamelala mchangani kama matango yaliyosahaulika. Pweza mwenye uzito chini ya gramu 500 haruhusiwi kuchukuliwa, na ndiyo sababu mizani imo kwenye mkoba wako.

Wapo pia wa kuwaacha kwa ajili ya usalama wako. Bunju, samaki anayejivimbisha kama puto, ana sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Taa ana mwiba mkiani. Usimshike, kata mshipi. Akikuchoma, loweka jeraha kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, na uende hospitali bila kuchelewa.

10. Safari ya kurudi. Kitoweo cha nyumbani hubebwa kwenye kisanduku chenye barafu, kikiwa kimefungwa vizuri kisivuje ndani ya behewa au basi. Mzigo ukizidi kitoweo, au ukiwa umenunua samaki sokoni kuongezea ulichovua, muulize Afisa Uvuvi kuhusu kibali cha kusafirisha kabla ya kuondoka, na ubaki na stakabadhi ya ulichonunua.

Mambo yakikwama

*Afisa Uvuvi hapatikani kwa simu.* Nenda ofisi ya halmashauri saa za kazi na uulize kitengo cha mifugo na uvuvi. Panga kufika siku ya kazi; ukifika Jumamosi utapoteza siku mbili.

*Watu wawili wamenipa majibu tofauti.* Muulize kila mmoja namba ya kanuni au ya sheria ndogo. Asiyeweza kuitaja huenda anakumbuka utaratibu wa zamani. Ikiwa wote wawili wanayo, fuata iliyo kali zaidi hadi upate ufafanuzi.

*Nimeambiwa nilipe mkononi, papo hapo.* Omba namba ya malipo kwa utulivu. Ikikosekana, kunja mshipi, uondoke, uende halmashauri. Usibishane ufukweni.

*Nimesimamishwa ingawa nina stakabadhi.* Toa stakabadhi na kitambulisho, onyesha zana na samaki, na utaje jina la afisa uliyezungumza naye na tarehe iliyo daftarini. Ikiwa umevuka mpaka wa eneo tengefu bila kujua, sema hivyo mara moja na uache kuvua. Stakabadhi ya halmashauri haiwezi kukutetea ndani ya eneo ambalo uvuvi umekatazwa.

*Nimepata ujumbe kwamba uvuvi umefungwa.* Tafuta ndani yake namba ya tangazo, tarehe, na jina la maji husika. Kikikosekana kimoja, piga simu wizarani au halmashauri kabla ya kukata tiketi.

*Samaki hawali kabisa.* Angalia kwanza kama ni maji mafu, kisha uangalie chambo. Funza wa udongo uliowazoea Hombolo huzama na kulainika upesi kwenye maji ya chumvi. Badilisha, weka ngisi au kamba mbichi, na utupe saa mbili kabla ya maji kujaa.

*Rili imekuwa ngumu kuzunguka.* Ni chumvi. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, uifute, uiache ikauke kivulini, kisha uweke tone la mafuta. Ukiifungia ndani ya mkoba ikiwa imelowa hadi ufike Dodoma, utakuta unga mweupe kwenye mkono wake, na kwa kawaida huo hauishii nje.